Mtu wa Kumi na Sita

Simu iliingia saa tisa na robo usiku, wakati wa daku, na kabla sijaipokea nilishajua. Binamu yangu alisema, "Kaka, mamangu katutoka." Nikasema inna lillahi. Tukanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa katika msiba wowote wa ukoo wetu: "Wewe tukuhesabu?"

Ilikuwa Mei 2020, wiki moja baada ya Mji wa Kale wa Mombasa kufungwa kwa ajili ya korona. Shangazi alikuwa akikaa Kibokoni, ndani ya kizuizi. Mimi nakaa Likoni, ng'ambo ya feri. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa haijaisha mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nilivaa kanzu saa ile ile, nikafunga vifungo vyote, nikavuta kiti karibu na mlango, nikakaa. Karibu saa mbili nzima nilikaa hivyo, nimevaa tayari kwenda kumzika dada wa baba yangu, nasubiri saa ifike.

Niseme mapema nilikosimama, maana mambo haya yakizungumzwa watu hutaka kujua kwanza uko upande gani. Nilizikubali kanuni zile mwaka ule na nazikubali mpaka leo. Ugonjwa ule ulisafiri na watu wanaojiona wazima. Mtu angeweza kuubeba siku kadhaa bila homa wala kikohozi, akapanda matatu, akasimama safu moja na wenzake msikitini, akaambukiza. Hakukuwa na chanjo, na hospitali zetu vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Kama dawa hamna, kilichobaki ni kuwatenga watu na watu. Hilo halina njia ya mkato.

Wala kwetu pwani halikuwa jambo geni. Neno karantini tunalo tangu enzi za mababu; kisiwa cha Changuu pale Zanzibar, jengo lake lilijengwa liwe gereza, likaishia kuwa kituo cha kuwatenga abiria wa majini waliohofiwa kuwa na maradhi. Na ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyetukumbusha barazani mwezi wa Machi ile hadithi ambayo kila aliyepita madrasa anaijua: mkisikia tauni imeingia nchi fulani msiende huko, na ikiingia mlipo msitoke kuikimbia. Alitusimulia jinsi Sayyidna Umar alivyogeuza msafara wake njiani kwenda Sham kwa sababu hiyo. Wazee waliokuwa pale walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyebisha. Nalitaja hili kwa kuwa baadaye ilisemwa sana kwamba watu wa Mji wa Kale ni wakaidi, hawataki kusikia. Mimi nilikuwepo. Kusikia walisikia.

Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufunga shule. Kisha mambo yakaja mfululizo: matatu ya watu 14 ibebe 8, misikiti na makanisa yafungwe, ndege za abiria kutoka nje zisitishwe. Kila alasiri tukawa tunamsubiri Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, kwenye redio na runinga, kama tulivyokuwa tukisubiri taarifa ya habari zamani. Yeye ndiye aliyetuonya kwamba tukiendelea kuishi kama kawaida, ugonjwa huu hautatutendea kama kawaida. Maneno yale yalituingia. Kwetu Likoni watoto walikuwa wakiyaigiza.

Halafu ikaja kafyu, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, kuanzia Ijumaa tarehe 27 Machi.

Kwa asiyeijua Mombasa, nieleze. Kazi ziko kisiwani. Bandari, soko, maofisi, maduka, mahoteli ya mjini, vyote kisiwani. Wafanyakazi wengi wanalala Likoni na kwingineko kusini kwa sababu nyumba huko ni nafuu, na kati ya kazi na nyumba mwaka ule kulikuwa na mkono wa bahari usio na daraja. Njia ilikuwa feri, na kwa mwenda kwa miguu haina nauli. Kwa siku ya kawaida huvusha watu zaidi ya 300,000. Siku za kawaida watu hao huvuka wametapakaa kuanzia saa tisa alasiri mpaka usiku mkubwa: wa ofisini saa kumi na moja, wa dukani saa moja, wa hotelini saa nne, mlinzi anakwenda wakati mpishi anarudi. Ukiwaambia wote wawe ndani kabla ya saa moja, unawachukua watu wa saa nane au tisa nzima na kuwashindilia ndani ya saa tatu. Feri ni zile zile, na kila feri imeambiwa ibebe wachache kuliko jana.

Siku hiyo ya kwanza ya kafyu tajiri wangu alitufungulia saa nane, Mungu amjaze kheri, nikavuka mapema. Jirani yangu, mama anayeuza samaki wa kukaanga na maisha yake yote huvuka saa kumi na mbili, alirudi usiku na kiatu kimoja. Aliketi kwenye kizingiti chake. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa vitoa machozi. Hakusimulia chochote, aliomba maji tu, akayamwaga usoni badala ya kuyanywa. Kilichotokea kivukoni jioni ile dunia nzima ilikiona kwenye simu: watu waliokuwa wakingoja feri warudi kwao, kama walivyoamriwa, wakapigwa virungu na kurushiwa moshi, wengine wakalazwa chini kwa tumbo, ubavu kwa ubavu, hata kabla saa moja haijafika. Tarehe 1 Aprili Rais aliomba radhi kwa nguvu zilizopita kiasi. Lakini wakati huo, kule Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alikuwa keshapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao usiku wa kafyu.

Ninachotaka kukisema kiko hapo kivukoni. Kanuni iliyokusudiwa kuwatawanya watu ndiyo iliyowakusanya. Saa moja ile ndiyo iliyoleta umati ule, na umati ulipokuja wakaadhibiwa walioletwa. Ingemchukua nani muda gani kwenda kumuuliza nahodha mmoja wa feri, au yule mama wa samaki, kwamba tukisema saa moja kutatokea nini hapa? Angejibu papo hapo. Anaijua foleni ile kuliko mtu yeyote mwenye cheo. Jibu lenyewe hatimaye lilipatikana: yalichorwa maduara chini ya kusimamia, na baadaye likajengwa lile daraja la kuelea la wapita miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu. Saa yenyewe ikasogezwa, tarehe 7 Juni, ikawa saa tatu usiku, na msongamano wa jioni ukapungua. Kwa hiyo haikuwa kwamba haiwezekani.

Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Tarehe 6 Mei ikawa zamu ya Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Kwanza siku 15, zikaongezwa mpaka tarehe 6 Juni, yaani nusu ya Ramadhani na Idd yote. Masoko na mikahawa ya ndani yakafungwa. Kule ndani nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mwenye nyumba ya vyumba viwili ana watu tisa. Baraza ndiyo sebule yao. Kuwaambia wakae ndani ni kuwaambia wakae tisa chumbani.

Kwa nini watu walikuwa wakiwakimbia wapimaji? Si kwamba hawakuuamini ugonjwa. Katika wiki za kwanza aliyepelekwa karantini alilipa chakula na malazi kutoka mfukoni mwake, na wapo waliomaliza siku 14 wakazuiliwa kwa sababu ya bili. Mwezi wa Aprili ikatangazwa pia kwamba atakayekamatwa akivunja kafyu atapelekwa karantini. Basi likawa jina moja la mahali pa kumtunza mgonjwa na mahali pa kumfunga mkosaji. Fundi cherehani mwenye watoto wanne, umwambie njoo upimwe, huenda ukachukuliwa, ukirudi una deni: atakuja? Serikali ilipotangaza mwanzoni mwa Mei kwamba itabeba gharama katika vituo vyake, ilikuwa hatua ya haki, na nilifurahi. Ila hofu ilikuwa imeshatangulia, imekaa.

Nirudi kwa Shangazi. Sukari ndiyo iliyomuua, aliishi nayo miaka ishirini. Usiku ule alipozidiwa binamu yangu alipiga simu kwa madereva wanne wa teksi anaowajua. Wote walikuwa majumbani, wote waliogopa kafyu. Sisemi gari lingemwokoa. Sijui, na sitaki kujidanganya. Najua tu kwamba Nairobi wakati huo huo daktari mmoja, Jemimah Kariuki, aliona jambo la namna hii kwa wajawazito, kwamba usiku hawafiki hospitali kwa kuwa hawana usafiri, akaanzisha huduma ya kuwafuata na magari, ikaitwa Wheels for Life. Hakuomba kafyu ifutwe. Alitazama tu nani anaangushwa na kafyu, akaweka mkono pale. Ningependa kila kanuni iwe na mtu wa namna ile kando yake tangu siku ya kwanza.

Mazishi yaliruhusiwa watu 15.

Mimi nimekulia kubeba jeneza. Katika vichochoro vya Mji wa Kale jeneza haliendi kwa gari, linaelea juu ya mabega. Unalipokea kwa nyuma, unatembea hatua nane au kumi, unasogea mbele, mwingine anakupokea, nawe unatoka ubavuni huku umeligusa mara ya mwisho. Mwenye duka anashusha nusu ya mlango wa chuma. Waliokaa barazani wanasimama, wanaingia katika safu, hata kama marehemu hawakumjua, wanabeba hatua zao na kurudi kwenye kahawa yao. Tangu nyumbani hadi kaburini maiti mmoja hupita juu ya mabega ya watu mia, mia mbili. Hakuna anayepanga. Hakuna anayehesabu.

Asubuhi ile ami yangu alikaa na kalamu na karatasi, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akapanga. Nilikuwa kwenye feri naye kwenye simu, nasikia kila jina likiandikwa. Watoto wawili wa kiume wa Shangazi, wa tatu yuko Muscat. Wakwe. Imamu. Wajukuu wakubwa, lakini si wote. Waoshaji walikuwa wanawake na hawaendi kaburini, kwa hiyo hao hawakuhesabiwa. Rafiki wa marehemu mume wa Shangazi, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliondolewa, ami alimwambia mwenyewe, na mzee alijibu, "Haya, mwanangu, nitamsalia hapa hapa." Mimi, mtoto wa kaka yake, mahramu anayeweza kuteremka kaburini kumpokea, niliwekwa wa 11. Ami alisoma orodha mara mbili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayegawa kitu kisichogawanyika.

Sikuruhusiwa kuingia Mji wa Kale, kwa hiyo nilitangulia makaburini kuwangoja. Getini walikuwepo askari wawili na afisa wa afya, kijana, ana barakoa na daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa pole, akanipa dawa ya mikono. Pikapu ikafika, jeneza likateremshwa, na sita wakalitia begani. Mmoja wao, mbele kulia, alikuwa kijana aliyevaa jezi ya mpira ambaye sikumjua. Nikasogea nyuma ya jeneza, kama nilivyozoea, nipokee. Walikuwa wakipita getini na afisa anahesabu kwa kalamu. Nilipofika mimi akanyoosha mkono. Hakunigusa.

"Wametimia, mzee."

Nikamwambia niko kwenye orodha. Akaniambia wachimba kaburi watatu wamo ndani na wao ni watu, amewahesabu. Alikuwa sahihi. Ugonjwa hauwaachi wachimba kaburi. Ami aligeuza shingo akaniona, lakini mtu aliyebeba jeneza hasimami. Wakaenda.

Nilisimama nje ya ukuta. Niliisikia talakini, kwa mbali, maneno yanakatika kwa upepo. Nilisikia mbao zikipangwa juu ya mwanandani, na huo mlio mtu akishausikia haukosei. Mchanga sikuusikia.

Nimejiuliza sana ni kipi hasa kilichoniuma, maana wengine waliumia zaidi. Mwezi wa Aprili kule Siaya mtu alizikwa usiku wa manane bila jeneza na watu waliovaa mavazi meupe, familia ikitazama kwa mbali, na nchi nzima ilishtuka. Sisi Shangazi tulimuosha, tukamkafini, imamu alimsalia. Lakini namba 15 ilitoka wapi? Sheria ilitaja idadi, haikutaja kazi. Haikuuliza mazishi hufanywa vipi, nani lazima awepo, mchimbaji yumo au hayumo, na je, watu 30 wanaopokezana nje, kwenye hewa, kwa hatua kumi kumi, wana hatari kuliko 15 waliosongamana kwenye shimo moja? Maswali hayo yana majibu ya kitaalamu. Angeulizwa imamu mmoja na mganga mkuu mmoja wakae meza moja, wangeyapata kwa asubuhi moja.

Haya siyatoi kichwani. Katika Ebola ya Afrika Magharibi timu za maziko zilikuja mwanzoni kuchukua maiti tu, na watu wakawa wanawaficha wafu wao, wanazika usiku, maradhi yanazidi kuenea. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima: familia ihusishwe, kiongozi wa dini aongoze, Mwislamu apate kutayamamiwa badala ya kuoshwa, atiwe sanda. Kule Kivu Kaskazini na Ituri, Beni na Butembo, kwa wenzetu wanaosema Kiswahili hiki hiki, Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua zaidi ya watu 2,200, na timu za maziko zilipigwa mawe kabla hazijajifunza kuketi na familia kwanza. Ebola ile ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, wiki chache tu baada ya mimi kusimama nje ya ukuta. Elimu ilikuwepo, tena kwa lugha yetu.

Wapo walioniambia, si bora Tanzania, hawakufunga? Binamu zangu wa Tanga walisali tarawehe msikitini Ramadhani ile, wakanitumia picha. Niliona wivu, nakiri. Lakini nchi ile iliacha kutangaza hata takwimu za wagonjwa, na mtu asiyeambiwa ukweli hawezi kujikinga. Sitaki hilo. Nataka kanuni, na nataka aliyeiandika awe amefika kivukoni saa kumi na mbili jioni angalau mara moja.

Hitima tuliisoma kwa simu. Juzuu 30 tuligawana kwenye kundi la ukoo: Muscat walichukua kumi, Leicester tano, Toronto tatu, zilizobaki sisi wa Mombasa kila mtu chumbani kwake. Saa nne usiku dua ilisomwa na ami kwa sauti iliyorekodiwa. Mtoto wake Shangazi wa Muscat aliweka "amin" moja tu, kisha akawa anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, karibu nusu saa. Hakutuma.

Mji wa Kale ulifunguliwa tarehe 7 Juni. Nilivuka asubuhi hiyo hiyo. Vichochoro vilikuwa vimefagiliwa kama sikukuu, na watu wanasalimiana kwa kuweka mkono kifuani. Binamu yangu alinikaribisha ukumbini. Deli la kahawa lilikuwa pale pale pa mamake. Tulikaa mkeka mmoja, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, na nikamuuliza kitu ambacho sikukiuliza wiki zote zile: ni nani na nani waliofika kaburini.

Akanitajia kwa vidole. Ndugu zake, wakwe, wajukuu, imamu, ami, wachimba kaburi watatu. Akafika 14, akasita.

"Na yule dereva wa pikapu," akasema. "Yule mwenye jezi. Tulimkodi asubuhi ile tu. Wazee hawakuweza kubeba, mabega hayakutimia sita, akashuka akasaidia."

Nikamwambia nilimwona.

"Jeneza lilipotuliwa akarudi nyuma akasimama peke yake. Ami akamwita. Akamwambia, hapa pana nafasi ya mtoto wa kaka yake, yuko nje, njoo umtilie mchanga." Binamu alinimiminia kahawa, kikombe cha pili, kabla sijamaliza cha kwanza. "Akaja, akatia konzi tatu. Halafu akauliza marehemu anaitwa nani."